Lebo Nyekundu ya Alhamisi

Riyadh, Jumapili 8 Septemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Metrine,

Mulembe, dada. Natumai ujumbe huu utakukuta mzima, na yule mama mzee unayemtunza kwa madam pia. Mguu wake unaendeleaje? Mimi sijambo, ila joto linatuchemsha kama viazi. Nakuandikia kwa urefu kama barua za zamani maana najua huwezi kusikiliza sauti wala kupiga simu, unalala chumba kimoja na huyo mama mzee, na simu yenyewe madam anakuachia Ijumaa tu. Basi Ijumaa ikifika kaa kitako, mimina chai, usome.

Nimekuwa supavaiza! Ndiyo, mimi Hillary, kitindamimba, yule mliyesema hata mbuzi hawezi kuongoza. Zamu nzima ya mchana hapa londri iko chini yangu. Mashuka ya hoteli, mashuka ya hospitali, malori yote yakiingia na kutoka, anayeulizwa ni mimi. Chini yangu wako Wakenya, Waganda, Wanepali, Wabangladeshi. Nimehamishiwa chumba cha watu wawili, chenye AC inayofanya kazi.

Na shemeji Protus amefika salama. Ikama yake, kibali cha kukaa na kufanya kazi, imetoka, na wamemweka kwenye kukunja mashuka yanapotoka mashine ya pasi. Kwa hivyo dada, mume wako sasa ni mtu wangu kazini. Dunia ina vichekesho.

Nikuambie mpango wangu. Hawa watu hawana motisha. Mudiri, meneja wetu, anashinda akiwafokea yalla, yalla, na hakuna anayeharakisha hata kidogo. Mimi nilisimama mbele ya darasa miaka mingi, najua kinachomfanya mtu akimbie. Unakumbuka siku za kufunga shule pale Chwele, mwalimu mkuu akisoma namba mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza hadi mkia? Mtoto aliyesomwa mkia muhula huu, muhula ujao utamkuta anasoma na koroboi. Nitaanza hivyo hivyo hapa. Kila Alhamisi kabla ya kutoka, nasoma namba. Na wa mwisho atavaa kitu wiki nzima, kama ile diski tuliyovishwa shingoni ukikamatwa unaongea Kibukusu shuleni. Nani kati yetu hakujifunza Kiingereza kwa ile diski?

Nishauri tu kuhusu shemeji. Nikimpendelea, watasema. Nikimkazia, utasema wewe.

Mdogo wako,
Supavaiza Hillary

*

Jeddah, Ijumaa 13 Septemba 2024

Kwa Hillary mdogo wangu,

Mulembe mno. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni hadi Cynthia akadhani nimepata bwana. Hongera sana. Supavaiza! Mama angekuwa hai angekuchinjia yule jogoo aliyekuwa anakukimbiza. Mama mzee wangu mguu bado anauburuta, lakini mdomo ni mzima kabisa. Mimi niko salama, mgongo tu.

Sasa nisikilize, maana umeniomba ushauri na usije ukasema sikukupa. Mimi si bosi wa mtu, lakini kuongozwa nimeongozwa. Hapa kwa madam, mtaa wa Ruwais, tuko wafanyakazi wawili, mimi na Cynthia wa Nakuru. Madam ana tabia ya kumsifu Cynthia mbele yangu: Cynthia anapiga deki kuliko wewe, Metrine. Unafikiri nakazana? Nanuna! Siku hiyo hata ndoo siisogezi, namwachia Cynthia aliye bora. Na Cynthia mwenyewe maskini anashindwa kunitazama. Lakini mama mzee akitaka kitu, kwanza anaonja chai niliyompikia, anasema Mungu akupe afya binti yangu, halafu ndipo anatuma. Kwa huyo naamka hata nikiwa na homa.

Kuhusu Protus. Ni mimi niliyekusihi umlete. Miaka sita mimi niko huku, yeye yuko kule na mtoto, tukasema afadhali tuwe nchi moja, hata ikiwa yeye Riyadh na mimi Jeddah, ili Idi tuonane. Asumpta tukamwacha kwa shangazi yake kwa ajili hiyo. Kwa hivyo nimekukabidhi mume wangu, Hillary. Sikuombi umpendelee. Mpe kazi kama wengine, na akikosea mkemee kama wengine, pembeni. Lakini mambo ya kusoma namba, yeye umwache nje. Usiniulize kwa nini, si langu kulisema. Na hiyo diski hata usiiwaze, kwa mtu yeyote.

Ukumbuke pia ni Protus aliyesukuma baiskeli na sanduku lako la bati hadi chuo cha ualimu, wewe ukitembea mbele mikono mitupu kama mkaguzi wa shule.

Kula vizuri. Usiringe.

Dada yako,
Metrine

*

Riyadh, Alhamisi 17 Oktoba 2024

Kwa dada Metrine,

U hali gani, dada? Nisamehe kwa kukawia, uongozi si mchezo. Mama mzee? Mgongo wako? Mimi ni mzima, nimechoka tu vizuri, ule uchovu wa mtu aliyefanya jambo.

Ule mpango umefaulu! Malori ya hospitali yanaondoka mapema hadi madereva wanashangaa. Watu wanakimbia na vitoroli. Mudiri amenishika mkono mbele ya wote, na anataka zamu ya usiku waige. Diski sikupata, nikatumia lebo. Unajua mashuka ya hospitali yenye damu yanakuja kwenye mifuko yenye lebo nyekundu ili mtu asiyashike bila glavu. Nilichukua lebo moja mpya, safi kabisa, nikaitia uzi. Wiki ya kwanza Mnepali mmoja aliniuliza kama ni medali. Tulicheka sana.

Sasa nikuambie kabla hujaambiwa na wengine. Leo imemwangukia shemeji.

Usikasirike, soma kwanza. Najua kidole gumba chake hakikunjiki tangu tofali limponde akijenga nyumba ya Mama. Najua. Lakini mashine haijui vidole. Wiki zilizopita alikuwa anaponea chupuchupu, wa pili au wa tatu kutoka mkiani, nami nikimshukuru Mungu kimoyomoyo. Leo amekuwa wa mwisho. Na watu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Jackton, kijana mmoja wa Busia mwenye mdomo, akasema kwa sauti, "Haya, tuone kama sheria ni ya wote." Ningefanya nini, dada? Kiongozi akitikisika mara moja, halas, amekwisha. Nikaita, "Protus Khaemba." Sikumwita shemeji. Akaja. Kwa vile ananizidi urefu, aliinama mwenyewe nimvishe. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Akaniambia, "Asante, mwalimu," akarudi mahali pake.

Nadhani ameelewa. Ni mtu mzima, anajua kazi ni kazi. Niandikie Ijumaa uniambie nilifanya vyema, maana chakula cha jioni nimempa mwenzangu wa chumbani na sijui ni kwa nini.

Mdogo wako,
Hillary

*

Riyadh, Jumanne 22 Oktoba 2024

Dada,

Hujambo? Najua leo si Ijumaa. Natumai utaiona hii mapema.

Shemeji hakuja kazini Jumapili. Kitanda chake kimetandikwa, begi halipo, simu imezimwa. Je, amekupigia?

Utaratibu wa hapa unasema mtu asipofika, supavaiza aripoti ofisini. Niliripoti. Niliripoti asubuhi ile ile, chai haijapoa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, dada. Ningeweza kungoja hadi jioni, ningeweza kusema anaumwa, nimeshasema hivyo kuhusu wengine. Lakini Jackton alikuwa amesimama pale, nikaona watasema namficha kwa sababu ni shemeji yangu. Leo Zacharia, karani wa ofisini, ameniambia taarifa imeshapelekwa kwamba ametoroka kazi. Ikama yake imefungwa. Askari akimkagua popote anamchukua, na akichukuliwa ni kurudishwa nyumbani.

Sikujua ingekuwa haraka hivyo. Hapana, acha nisikudanganye. Nilijua. Mimi ndiye huwaeleza wageni wakifika.

Nijibu tafadhali.

Mdogo wako,
Hillary

*

Jeddah, Alhamisi 24 Oktoba 2024

Hillary,

Salamu zako nimezipata, mama mzee amenitolea simu kwa madam kabla ya Ijumaa. Zangu leo sina.

Protus yuko Jeddah. Alipanda basi Ijumaa, kabla hata hujakimbilia ofisini na ripoti yako. Jana alimpata Cynthia kwenye simu. Mama mzee aliponiona nalia juu ya sufuria alimwambia madam anataka dawa ya mguu kutoka duka moja tu lililoko mtaa wa Kandara, na lazima niende mimi kwa sababu naijua chupa. Dereva akanipeleka. Ndivyo nilivyomwona mume wangu baada ya miaka sita, kwenye kijiduka cha chai karibu na stesheni ya zamani ya mabasi, kwa ajili ya chupa ya dawa.

Amekonda. Ndevu zina mvi ambazo kwenye picha za simu hazionekani. Nilikuwa nimewaza siku hiyo namna nyingi, Hillary. Nilidhani tutaongea habari za Asumpta, tutacheka, atanisema kwa kunenepa. Alitoa ile lebo mfukoni, akainyoosha mezani, akaniuliza, "Mama Asumpta, hii imeandikwa nini?" Imeandikwa Kiarabu na Kiingereza. Nikamsomea. Ningemdanganya? Nikamwambia imeandikwa uchafu wa hatari, usiguse. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Nilidhani imeandikwa wa mwisho." Akairudisha mfukoni.

Sasa nitakuambia lile nililosema si langu. Protus aliacha shule darasa la nne. Siku ya kufunga walimsoma mkia, na diski ilikuwa shingoni mwake siku hiyo. Baba yake alikuwa amekaa na wazazi. Alisimama, akakung'uta suruali, akaondoka, akamwacha mtoto amesimama pale mbele. Protus hakurudi tena darasani. Ni mimi peke yangu ninayejua, hata Asumpta hajui. Na wewe, mtoto niliyembeba mgongoni, ukamwita kwa jina la ukoo wake mbele ya wageni ukamvisha tena. Anasema ulipomwita alitafuta mtu mmoja tu wa kumtazama, na mtu huyo, wewe, ulikuwa umeinamia karatasi zako.

Hajakutukana. Nilimngoja akutukane, nami nimsaidie. Alisema tu, "Kijana alikuwa na kazi yake."

Yuko mtaa wa Ghulail kwa Dancan wa Webuye, watu wanane chumba kimoja. Anaogopa kushuka hata kununua mkate. Iondoe ile taarifa. Umeileta wewe, iondoe wewe. Na usiniandikie neno utaratibu tena maishani.

Mke wa Protus

*

Riyadh, Jumapili 27 Oktoba 2024

Metrine,

Sina uso wa kukusalimu, lakini Mungu akupe afya.

Siku ile ile barua yako ilipofika, Alhamisi, niliahirisha kusoma namba nikaenda kwa mudiri. Nilidhani itakuwa vita. Haikuwa vita. Alisema ni rahisi: nitie sahihi kwamba mimi ndiye niliyempa Protus ruhusa nikasahau kuiambia ofisi, kosa liwe langu, taarifa iondolewe. Ila supavaiza anayesahau watu hawezi kubaki supavaiza. Ningerudi kukunja mashuka. Alinisukumia kalamu, anatabasamu kabisa, si mtu mbaya.

Nikasema nipe Ijumaa na Jumamosi nifikirie.

Unataka kujua nilifikiria nini? Nilifikiria chumba cha watu wawili. Nilifikiria nilivyowatangazia watu wote wa Chwele. Nilifikiria nikisimama kwenye mstari, na Jackton anapita na kalamu sikioni. Protus alinipitia kichwani mara chache, na kila alipopita nilijiambia ana watu wanaomficha, siku mbili si kitu.

Leo asubuhi nimekwenda nikatia sahihi. Wino haujakauka, Zacharia akaingia akasema yule Mkenya amepatikana. Alikamatwa jana Ghulail. Alikuwa ameshuka kununua mkate.

Alhamisi ningeweza. Nimekwenda Jumapili. Naona aibu, dada. Naona aibu hata ya kuwa na mikono.

Sijui kama bado nina ruhusa ya kujiita mdogo wako.

Hillary

*

Riyadh, Jumatatu 6 Januari 2025

Dada Metrine,

Heri ya mwaka mpya. Natumai u mzima, na mama mzee, na Cynthia. Ijumaa nyingi zimepita. Naona kwenye simu kwamba barua zangu umezisoma, na hilo pekee nashukuru. Nyumbani wameniambia shemeji amefika salama, na kwamba anapanda vitunguu kule chini mtoni. Nilimpigia. Aliuliza habari za baridi ya Riyadh, akauliza kama nakula. Hakuuliza kitu kingine. Baada ya simu nilikaa bafuni muda mrefu.

Nakunja mashuka, mahali pale pale alipokuwa anasimama. Sikujua mashuka yanatoka pale ya moto hivyo. Nilipita hapo kila siku na kalamu yangu na sikuwahi kuyashika. Supavaiza ni Jackton.

Namba bado zinasomwa. Nilimwendea mudiri nikamwomba aziondoe, nikamweleza kila kitu, hata yale ya shule. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Hillary, hilo ndilo jambo zuri kuliko yote uliyotufanyia." Sasa zamu ya usiku pia wana lebo yao.

Lakini si hilo nililotaka kukuambia. Nimevishwa mara mbili, nikavumilia, nikaona ni haki yangu, nikajiona hata mwema kidogo. Basi juzi Alhamisi Jackton akasoma nikawa wa tisa. Wa tisa, dada! Nami nikafurahi. Moyo uliruka. Nikageuka kumtafuta aliye wa mwisho, nikamwona ni yule Mnepali wa medali, na furaha yangu haikupungua. Ilikaa hadi nimefika kitandani ndipo nikajiona. Aibu niliyokuwa nayo tangu Oktoba, nikadhani imefika mwisho wake, kumbe ilikuwa haijaanza. Nilikuwa naona aibu ya nilichomfanyia Protus. Sasa naona aibu ya nilivyo.

Sikuombi unisamehe. Nimekuandikia kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia hili asiniambie pole.

Mdogo wako, ukikubali,
Hillary

*

Jeddah, Ijumaa 11 Aprili 2025

Hillary,

U hali gani? Mimi mzima. Mama mzee hainuki tena kitandani, lakini chai yangu bado anaionja kwanza.

Protus ameniomba mara nyingi nikuandikie. Nilikuwa namwambia simu yangu imeharibika, maana tunaongea kwa ya Cynthia. Leo nakuandikia kwa sababu ya Asumpta, si kwa sababu yake wala yako.

Wiki iliyopita shule zilifungwa. Wanasema mtaala mpya hauna namba, lakini mwalimu mkuu wa pale ni wa kizamani kama wewe, anawapanga mbele na kuwasoma. Tangu Asumpta aanze shule, baba yake hajawahi kukanyaga siku ya kufunga. Alikuwa akimtuma shangazi, na mtoto alishazoea kwamba baba ana kazi. Safari hii alikwenda. Alivaa lile koti la harusi yetu, akakaa nyuma na wanaume.

Asumpta amesomwa mkia. Miaka hii mimi nilikuwa huku natafuta, baba yake naye akanifuata, yeye alikuwa kule anapotea, na hilo nalo nina mahali moyoni pa kuliweka. Ameniambia mwenyewe kwenye simu, anaongea haraka haraka. Anasema aliangalia chini, viatu vyake, akangoja waite darasa lingine. Halafu akasikia mtu anapiga makofi. Mtu mmoja tu. Alikuwa baba yake, amesimama wima kule nyuma, anapiga kwa nguvu, na kile kidole chake kimebaki kimesimama kando. Watu wakageuka, wengine wakacheka. Mwalimu mkuu akashusha karatasi yake. Baba yake hakuacha. Alipiga makofi hadi mtoto akainua kichwa, akamwona, akatembea kutoka kule mbele hadi alipo. Kisha wakaenda zao kununua mandazi.

Nilimuuliza Protus kilichomwingia. Akasema, "Mtu lazima awe na wa kumtazama." Halafu akaniuliza bei ya vitunguu Jeddah, kana kwamba ndilo tulilokuwa tunaongea.

Yeye anasema hana neno na wewe. Mimi ninalo, Hillary, na ni kubwa, nalala nalo na naamka nalo. Lile la kufurahi kwa kusomwa wa tisa nililisoma nikakasirika, nikalirudia Ijumaa iliyofuata, na nyingine. Katika barua zako zote ni hapo tu niliposikia mtu ninayemjua. Lakini sijafika alipofika Protus, na usinisukume. Usiniandikie hadi nikuandikie.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane. Nitarudi nyumbani. Na wewe siku ukirudi, usije kwetu na mablanketi na masanduku ya zawadi watu wakuone. Njoo mikono mitupu, kama ulivyokwenda chuoni. Simama hapo uani, na usiangalie chini. Atatoka. Yeye ndiye atakayekuita ndani, kwa jina atakalotaka.

Dada yako, nipende nisipende,
Metrine